Sura ya Tano ni Mimi

Kaka yangu ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kusema jambo lilivyo, hata kama anayesikiliza ndiye mwenye rungu. Nalisema mapema asije mtu akadhani namchukia. Nampenda. Tumenyonya ziwa moja. Lakini zipo siku nilitamani kumfunga mdomo kwa plasta ninayotumia kazini, ikauke, nikae naye kimya hata wiki nzima.

Watu wanamwita Mwacheni. Jina alilipata redioni. Kila alipoalikwa kujadili jambo, iwe teksi, iwe bei ya unga, iwe wauza mitumba, jibu lake lilianza hivyohivyo: "Mwacheni mtu afanye kazi yake." Mtangazaji mmoja akamtania, "Leo tunaye Profesa Mwacheni," na jina likaganda. Uprofesa wenyewe hakuwa nao. Alikuwa na shahada mbili za uchumi, mashati matatu ya kola, na meza juu ya duka la magodoro, ambako taasisi yao ya utafiti wa sera ilikuwa na watafiti wanne wanaogombea feni moja.

Watu hudhani mtu anayeichukia leseni namna ile lazima awe mtoto wa mchuuzi aliyefukuzwa sokoni. Wapi! Baba yetu alikuwa mkaguzi wa leseni wa manispaa. Sisi tulilelewa na leseni. Baba akirudi kazini hakosi kitu mkononi: leo mizani, kesho mwavuli wa muuza matunda, keshokutwa sufuria. Vilikuwa vitu vya watu, vimeshikiliwa, na bohari eti imejaa. Jioni moja kaka, bado wa kaptula, aliuliza mezani, "Baba, sufuria hii ni ya nani?" Baba akamwambia ale. Kaka akasema atakula akishajua ni ya nani. Alilambwa kofi, nikalisikia mimi kwenye meno yangu. Hakula. Na tangu siku hiyo amekuwa akiuliza swali lilelile, ila kwa maneno marefu na kwa tanbihi chini ya ukurasa.

Alianzia Wizara ya Mipango kama vijana wote wenye vyeti vizuri. Wakamtuma achunguze kwa nini mabasi hayatoshi. Akaandika kwamba mabasi hayatoshi kwa sababu wizara inagawa vibali vya njia kwa marafiki zake. Mkuu wake akamwita akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, tulikutuma utafute sababu, hatukukutuma uipate." Kaka alicheka sana akitusimulia, lakini mwezi ule hakupewa kazi nyingine, na mwezi uliofuata meza yake ilihamishiwa korido. Akaacha kazi. Wifi yangu, mkewe, ambaye ni nesi, alibeba nyumba peke yake muda mrefu, na hakuacha kumkumbusha: "Unataka serikali ipunguzwe, sawa, lakini serikali ya humu ndani ni mimi, na haipunguzwi."

Kitabu chake cha kwanza kilinunuliwa na jamaa. Cha pili kilinunuliwa na maadui, ambao ni wengi kuliko jamaa, kwa hiyo kikauzika. Chuo kikuu walimwita kibaraka wa matajiri. Matajiri nao hawakumpenda, maana aliandika kwamba wao ndio wanaozipenda leseni kuliko mtu yeyote: leseni ndiyo inayowazuia wadogo wasiwasogelee. Kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi alikuwa akimtukana kila wiki gazetini. Siku alipokamatwa, mtu wa kwanza kuandika kwamba aachiwe alikuwa kaka yangu. Nikamuuliza, "Huyu si ndiye aliyekuita chawa?" Akasema, "Ana haki ya kuniita chawa akiwa nje." Ndivyo alivyo. Utafanyaje na mtu kama huyo?

Sasa nije kwangu. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nilijifunza kwa daktari wa meno mmoja, nikiwa msaidizi wake chumba cha nyuma: kuchukua kipimo cha mdomo, kumwaga plasta, kuchonga nta, kupanga jino baada ya jino mpaka fizi ya waridi ikae kama imeota yenyewe. Daktari alipohama nchi aliniachia vifaa. Sheria inataka cheti cha chuo, na chuo kinataka uwe umefaulu fizikia, na fizikia mimi niliwaachia wenyewe. Basi nikafungua kazi nyuma ya nyumba yangu, bila kibao, bila leseni. Watu wanaingia mlango wa uani wakiwa wameziba mdomo kwa leso, wanatoka wakicheka. Mtu asiye na meno hacheki, jamani, wala haendi harusini, na akienda hali kitu. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sina nyingine.

Kaka akaja na wazo la kitabu kikubwa. Alichoka, alisema, kubishana kwa takwimu za serikali; atawaandika watu wenyewe. Akatafuta watu tisa wanaofanya kazi njema bila ruhusa ya mtu, akakaa na kila mmoja wiki nyingi, akiangalia na kuuliza. Mwalimu wa udereva anayefundishia kwenye kiwanja kitupu. Mama mmoja mwenye chekechea sebuleni kwake. Mpiga chapa wa gereji. Dereva wa pikapu anayesafirisha maiti kwa familia zisizomudu gari la kampuni. Wa tano mimi. Kila mtu sura yake. Alibadilisha majina, akahamisha mitaa, lakini kazi zenyewe aliziandika zilivyo, kwa sababu, alisema, ukiilegeza kweli hata kidogo wapinzani wako wanaingilia hapohapo.

Alinisomea sura yangu jikoni. Loo! Nilijiona mtu. Aliandika mpaka ninavyoyapiga tupa na msasa meno ya mbele yasiwe sawasawa mno, yasionekane ya duka. Nikamwambia atoe ule mlango wangu wa uani wenye rangi ya kijani. Akautoa. Nikamuuliza kama kuna mtu anaweza kunitambua. Akanitazama kwa mshangao. "Nani atakutafuta? Serikali haisomi."

Serikali ikasoma.

Waziri mwenyewe alikuja kuzindua kitabu. Ukumbi ulijaa, wifi alivaa viatu vya kuazima, kaka akatokwa jasho kwenye shati lake zuri. Waziri akakishika kitabu juu na kusema hajawahi kusoma jambo la kweli namna ile, na kwamba ameagiza kila afisa wa wizara apewe nakala yake. Watu wakapiga makofi. Kaka alinishika mkono akanong'ona, "Umesikia? Wamesikia." Mimi nilikuwa natazama safu ya nyuma, maafisa waliokwisha kupewa nakala zao. Hawakuwa wakipiga makofi. Walikuwa wanasoma, na mmoja wao alikuwa na kalamu mkononi.

Wa kwanza kufungiwa alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake lilivutwa asubuhi, mwanafunzi akiwa bado kwenye usukani. Kaka alisikitika, akaandika makala kali. Kisha wakaenda kwa mama wa chekechea. Walitoa viti vidogo vile vya rangi, wakavipanga barabarani, watoto wakabaki wameketi sakafuni wanawatazama. Nikamwendea kaka pale juu ya duka la magodoro.

"Wanafuata kitabu chako," nikamwambia. "Sura ya kwanza, sura ya pili."

"Kesi mbili si ushahidi, dada. Inaweza kuwa sadfa."

"Sadfa gani inayojua kuhesabu?"

Akaanza kunieleza habari za sampuli. Nilitoka nimebamiza mlango mpaka feni ikatingishika. Sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi na bado anahesabu kama kuku wameuona!

Wakaenda kwa mpiga chapa. Kisha pikapu ya maiti ikakamatwa njiani, na nisiseme zaidi, maana haikuwa tupu. Siku ile kaka alikuja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka ndani ya kitanda cha mtoto. Aliyefuata ni mimi, na sote wawili tulijua.

Akaomba kuonana na waziri, akakubaliwa haraka mno. Aliponisimulia baadaye alikuwa akirudiarudia maneno kama anayetafuta kosa la hesabu. Waziri alimkaribisha chai. Akamwambia, "Wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba watu hawa ni hodari. Sasa tunataka kuwaingiza kwenye utaratibu. Tunaunda Bodi ya Leseni, na hatuoni mwenyekiti anayefaa kuliko wewe." Kaka akasema maisha yake yote ameandika kwamba bodi kama hiyo isiwepo. Waziri akacheka, akammiminia chai nyingine. "Fikiri. Mwenyekiti anaweza kumpa leseni amtakaye. Sisi tumesimama kidogo pale kwenye sura ya tano. Nadhani unaelewa kwa nini."

Walikuwa wanajua kwamba mimi ni nani wake. Nilipoambiwa hilo nilikaa juu ya gunia la plasta.

Kaka hakuuchukua uenyekiti. Alikwenda redioni. Mimi nilikuwa nang'arisha meno ya mteja, redio iko dirishani, nikasikia sauti yake ikisema, polepole, kwamba watu tisa wa kitabu chake hawapo. Amewatunga. Alitaka hoja yake ipendeze, akavutwa na tamaa, anaomba radhi kwa wasomaji.

Mtu aliyekataa kula chakula cha baba yake kwa sababu ya ukweli akasimama mbele ya nchi nzima akajiita mwongo, ili mimi nisionekane, akidhani kitabu kikigeuka hadithi hakuna afisa atakayeweza kukitumia kunishika. Nilimshukuru? Nilimtukana kwa simu mpaka sauti ikanikauka, halafu nikalia.

Wakamla mzimamzima. Taasisi ikamwondoa, na wenzake wakachukua kiti chake kabla hakijapoa. Wale wa chuo kikuu wakasema, hatukuwaambia? Hata katuni ilichorwa, kaka amepika watu kwenye chungu. Akawa anashinda nyumbani amevaa fulana, anazitazama rafu za vitabu vyake kama za mtu mwingine. Nikienda kumwona ananiambia neno moja tu: "Sasa hawatakugusa." Kweli, hawakunigusa. Wateja wakaendelea kuingia mlango wa uani. Ila mimi nikawa nashtuka kila gari likipunguza mwendo nje, na mkono wa fundi wa meno haufai kutetemeka.

Asubuhi moja akaingia mwanamke nisiyemjua. Hakuziba mdomo. Meno yake yote yalikuwa mazima, nikaona mara moja hakufuata kazi.

"Wewe ndiye sura ya tano," akasema. "Mimi ni wa pili. Mwenye chekechea."

Nikamkaribisha kiti. Akabaki amesimama, akitazama vinywa vya plasta vilivyopangwa kwenye rafu yangu. Akaniambia kwamba wao wanne waliofungiwa walikuwa wamefungua kesi, wakidai warudishiwe vitu vyao na kazi zao. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa kitabu: kilionyesha miaka yote waliyofanya kazi bila kumdhuru mtu. Kisha kaka yangu akasema redioni kwamba hawapo, na wakili wa serikali akayasoma maneno hayo mahakamani kwa sauti, huku wao wameketi palepale.

"Hakimu alitutazama," akasema, "kama watu tuliovaa nguo za kuiba. Dada yangu, mimi nimelea watoto wa mtaa mzima. Nimeosha pua zao. Halafu naambiwa sipo."

"Alitaka kuniokoa mimi," nikasema.

"Najua. Ningekuwa na kaka ningetaka anifanyie hivyohivyo." Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kesi inasikilizwa tena wiki ijayo. Mwambie aje aseme kwamba tupo. Mimi siendi kukutaja mahali popote. Lakini mimi nimekupata kwa kuulizauliza tu, na kitabu mkononi. Wao wanashindwa nini?"

Akaondoka. Swali lake likabaki na mimi chumbani.

Jibu lilikuja kesho yake, limevaa shati lililopigwa pasi. Mwanamume wa makamo, mpole, aliyekosa jino moja la mbele. Alikuwa amenijia mara moja wiki iliyotangulia, nikachukua kipimo, na siku hiyo alikuja kuvalishwa. Nikampa kioo. Akajitazama, akatabasamu, akagonga jino kwa ukucha.

"Kazi safi," akasema. "Alivyokuandika kaka yako ndivyo ulivyo. Hata hili la mbele hukuliweka sawasawa mno."

Nikakipokea kioo changu.

"Usiogope, mama. Fanya kazi yako. Hakuna atakayekuja hapa." Akalipa, akakunja leso yake taratibu. "Msalimie kaka. Mwambie wizarani tumefurahi kuona anapumzika. Yeye akipumzika, na wewe unapumzika."

Hawakuwa wamedanganyika hata siku moja. Ule uongo wa kaka, uliomgharimu jina lake lote, haukumdanganya afisa hata mmoja; uliowadanganya ni wasomaji na mahakama. Mimi sikuwa nimefichwa. Mimi nilikuwa kamba, na upande wa pili wa kamba alifungwa yeye.

Nilifunga kazi mchana kweupe, jambo nisilolifanya hata nikiumwa, nikaenda kwake na salamu zote mbili. Wifi alikuwa kazini. Nikamweleza habari ya mama wa chekechea, nikamweleza habari ya yule mtu, sikuficha neno. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nikienda mahakamani umekwisha," akasema.

"Najua."

"Basi siendi. Wale wanne nitawaomba msamaha maisha yangu yote, lakini siendi. Wewe ni dada yangu."

Hapo hasira ikanipanda, na mimi hasira yangu haipandi ngazi, inaruka. Nikamwambia, "Umeandika vitabu vingapi sijui, kila kimoja kinasema mtu mzima asiamuliwe mambo yake na mwingine. Wewe umeniamulia! Ulinifuta bila kuniuliza. Hukuniuliza kama nataka kufutwa. Yule waziri na wewe mna tofauti gani? Yeye angenipa leseni, wewe umenipa maficho, na wote wawili hamkubisha hodi!"

Alinyanyua kichwa. Nilidhani atanijibu, maana hakuna mabishano ambayo kaka yangu amewahi kuyaacha. Lakini macho yalimjaa maji.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Nakuuliza sasa. Unataka nini?"

Nilitaka kazi yangu. Nilitaka ule mlango wa uani na harufu ya nta na wazee wanaotoka wanacheka. Nilitaka hivyo kwa roho yangu yote, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamwambia, "Lakini siwezi kuchonga meno ya watu nikijua yule mama anaambiwa hayupo kwa ajili yangu. Nenda kaseme tupo. Na mimi nitaje."

Alikwenda. Alivaa shati lile la uzinduzi, limemlegea shingoni. Wakili wa serikali alikuwa na kicheko tayari. "Shahidi, tusaidie. Ulidanganya lini, kwenye kitabu au redioni?"

"Redioni."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sura ya tano ni dada yangu, na niliogopa. Ameketi pale."

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, miguu ilisimama yenyewe. Mama wa chekechea alikuwa safu ya mbele. Aligeuka, akanitazama, akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema uamuzi utatolewa tarehe nyingine.

Nilirudi kwangu moja kwa moja. Mzee mmoja wa jirani alikuwa ananisubiri uani tangu asubuhi. Meno yake ya chini yalikuwa yamevunjika, nami nilikuwa nimeyachukua kuyaunga. Nilikuwa nimeyaweka kwenye maji ya moto ili dawa ya kuungia igande, bado kidogo tu yakae sawa, nikasikia gari likipunguza mwendo, halafu likazima. Waliingia wanne. Yule wa shati la pasi alikuwa nyuma yao, amelificha kwa midomo jino nililomtengenezea. Nikawaonyesha meno ndani ya maji, nikawaonyesha mzee aliyeketi pale na mashavu yameingia ndani, nikawaomba wanisubiri niyamalize, maana mtu huyu hajala.

Hawakusubiri.